Ngong kwa Pande Zote Mbili: Kutoka Nairobi Hadi Magadi

Alhamisi: Nairobi hadi Ngong mjini

Kila aliyeishi Nairobi ana Ngong yake. Wa Lang'ata anaiona karibu, wa Rongai anaiona kwa ubavu, wa Embakasi anaingoja siku mvua ikishatuliza vumbi ndipo aione. Vile vilele vinne vinavyofuatana kusini-magharibi ndivyo vinavyotuonyesha upande upi ni upi, na aliyepotea mtaani hutafuta vilipo kwanza kabla ya kumuuliza mtu. Nimevitazama hivyo miaka mingi, na miaka yote hiyo nimekuwa nikiuona upande mmoja tu. Safari hii nilitaka kuuona na wa pili: nipite juu ya mgongo wa Ngong toka kaskazini hadi kusini, kisha nishuke Bonde la Ufa hadi Ziwa Magadi, nigeuke nivitazame vilima kutoka huko.

Matatu za 111 hupakia Railways. Tuliondoka asubuhi ya manyunyu, baridi ya Juni imewabana watu mikono mifukoni, madirisha yote yamefungwa. Dagoretti Corner, Karen, Bulbul. Barabara hii inapanda muda wote, ila inapanda taratibu kiasi kwamba abiria hatambui. Katikati ya jiji ni kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Ukishuka stendi ya Ngong umeshapita mita 1,900. Bado mlima wenyewe haujaanza.

Hapo Bulbul reli ya SGR inaingia chini ya ardhi. Treni ya kwenda Suswa, iliyoanza kazi Oktoba 2019, hupita kwenye handaki la kilomita 4.5 ili itokee upande wa bonde. Watu wa zamani walilazimika kuzunguka au kuvuka kwa miguu. Injini inachukua dakika chache gizani. Nililifikiria sana handaki hilo nilipokuwa nikinywa chai sokoni, kwa sababu ndilo linaloeleza vizuri zaidi Ngong ni nini: ni ukuta. Mwenye kutaka kutoka nyanda za Nairobi kwenda bondeni, ama aupande, ama auzunguke, ama autoboe.

Wamaasai wanasimulia kuwa zamani jitu lilikuwa likitembea, likajikwaa kwenye Kilimanjaro, likaanguka kifudifudi, na mkono wake ukaifinyanga ardhi ikabaki na umbo la vifundo vya vidole. Wengine husema Mungu alipomaliza kuumba dunia alikung'uta udongo uliobaki vidoleni, ukaangukia hapa. Wanajiolojia nao wana simulizi yao, na kwangu haipungukiwi na ajabu. Wanasema hapa palikuwa na volkano kubwa. Ardhi ya Afrika Mashariki ilipopasuka na Bonde la Ufa kuanza kudidimia, mpasuko uliikata volkano hiyo, nusu ya magharibi ikazama bondeni, nusu ya mashariki ikabaki imesimama. Tunachokiita Ngong ni hiyo nusu iliyobaki. Ndiyo maana upande wa Nairobi unapanda kwa upole, na upande wa pili unaporomoka.

Mama mwenye gesti aliponiuliza naelekea wapi nikamwambia Magadi, alinitazama miguu.

"Kwa miguu, kijana?"

"Hapana, mama. Miguu ni ya mlimani tu. Kuanzia Kona Baridi nitapanda gari."

"Basi vaa sweta nzito. Kesho utaniombea dua kwa ajili ya hiyo sweta. Keshokutwa utataka kuigawa bure."

Ijumaa: juu ya mgongo

Msitu huu uko chini ya Huduma ya Misitu ya Kenya. Langoni unalipa kiingilio, na ukitaka unapewa askari wa kukusindikiza. Mimi nilimtaka. Miaka ya nyuma watu waliibiwa huku juu, na hata kama mambo yametulia, askari anayeijua njia anakufaa kwa mengi kuliko ulinzi. Aliyenisindikiza alikuwa mtu wa maneno machache, mwenye bunduki begani na kiboko mkononi cha kupunga nyasi. Nilimwita afande, yeye akaniita mkubwa, tukaendelea hivyo siku nzima.

Kitu cha kwanza kukutana nacho ni mitambo ya upepo. Unaisikia kabla ya kuiona, maana asubuhi ile wingu lilikuwa limekaa juu ya kilele na mapanga yalikuwa yakikata ukungu juu ya vichwa vyetu, yakija na kupotea. Hapa ndipo umeme wa upepo wa Kenya ulipoanzia. Mwaka 1993 Ubelgiji iliipa nchi mitambo miwili ya kwanza, na baadaye KenGen, kampuni ya kuzalisha umeme, ikaongeza mingine hadi uwezo wa megawati 25.5. Ukilinganisha na ile ya Turkana kule Loiyangalani, yenye megawati 310, hii ni midogo. Lakini mtu aliyesimama chini yake haoni udogo wowote. Na ukiitazama vizuri utaona yote imekabili mashariki, inakotoka hewa ya Bahari ya Hindi baada ya kupita juu ya nchi nzima bila kukutana na kizuizi kikubwa hadi hapa.

Upepo huo ndio ulionifundisha mlima. Tulipofika kwenye uti wenyewe, pale ambapo njia inakuwa nyembamba na nyasi zinalala upande mmoja, wingu lilikuwa likipanda kutoka mashariki, zito, la kijivu, limejaa unyevu wa kutosha kulowesha nyusi. Lilifika juu ya mgongo, likavuka, likaanza kushuka upande wa bonde. Kisha likaisha. Halikuondoka kwenda popote. Liliyeyuka hapo hapo mbele ya macho yetu, hatua mia moja chini ya tuliposimama, na chini yake kulikuwa na jua. Mkono wa kushoto ulikuwa na Nairobi iliyofunikwa, mkono wa kulia na Bonde la Ufa lililokauka na kung'aa. Nilisimama hapo muda mrefu. Wingu lilizidi kuja na kuzidi kuisha, na afande, aliyekwisha kuliona hilo mara nyingi sana, alikaa kwenye jiwe akanisubiri bila kunihimiza.

Sababu yake inajulikana. Hewa ikilazimishwa kupanda hupoa, unyevu wake ukawa wingu na mvua. Ikishavuka na kushuka hupata joto, na wingu hukauka. Ndiyo maana miteremko ya mashariki ina miti, mikaratusi na mivinje iliyopandwa pamoja na mabaki ya msitu wa asili kwenye makorongo, na magharibi ni nyasi fupi, vichaka vya leleshwa, halafu migunga. Mlima mmoja, mvua mbili. Niliyasoma hayo shuleni kwenye jiografia, yakiwa na mchoro wenye mishale. Mchoro ule haukuwa na ubaridi wa upande mmoja wa shavu na joto la upande mwingine.

Jambo la pili ambalo mgongo huu unaamua ni safari ya maji. Tone linaloanguka hatua moja mashariki ya njia tuliyopita linaingia kwenye vijito vya Ngong na Kiserian, linafika Mbagathi, linapakana na Mbuga ya Wanyama ya Nairobi, linakuwa Athi, linapita chini ya Kilimambogo, linafuata Uwanda wa Yatta, linaungana na mto Tsavo kuwa Galana, na mwishowe linaingia baharini kaskazini ya Malindi kwa jina la Sabaki. Tone linaloanguka hatua moja magharibi halitaiona bahari kamwe. Litashuka korongoni, litamezwa na mchanga au litakauka kwenye tambarare za bonde, kwa sababu bonde hili halina mlango wa kutokea baharini. Nilimwambia afande hivyo. Akafikiri, akasema, "Kwa hiyo mbuzi akisimama hapa akikojoa ni Malindi, akigeuka ni Magadi." Ndivyo hasa.

Wenyeji wa Nairobi wanasema vilima ni vinne kwa sababu ndivyo vinavyoonekana. Anayetembea juu anahesabu zaidi, na wengi husema saba, maana kila ukimaliza kimoja kinatokea kingine kilichokuwa kimejificha. Unashuka hadi kwenye tandiko, yaani pale mgongo unapobonyea kati ya vilele viwili, unapumua, unapanda tena. Kwenye matandiko hayo upepo unakusanyika na kuwa mkali kweli. Kuna mahali nililazimika kutembea nimeinama. Tulikuta kinyesi cha nyati, kikavu. Afande akasema wako kwenye msitu wa chini na mchana hawapandi. Tai walikuwa wakielea chini yetu, upande wa bonde, na si jambo la kila siku mtu kumwona tai mgongoni.

Kilele kirefu kuliko vyote ni Lamwia, mita 2,460. Siku safi, hasa Januari alfajiri, mtu akiwa pale anaweza kuona Kilimanjaro kusini na Mlima Kenya kaskazini, ule ambao vilele vyake vimepewa majina ya Wamaasai wa nyumba ya oloiboni, kiongozi wao wa kidini: Batian, Nelion, Lenana. Siku yetu haikuwa safi. Kusini na kaskazini kote kulikuwa na wingu. Lakini magharibi palikuwa wazi, na magharibi ndiko nilikotaka: Longonot yenye ukingo uliomeguka, Suswa pana iliyokaa chini, Mlima Olorgesailie peke yake katikati ya tambarare, na mbali kabisa mstari wa buluu wa ukuta wa Nguruman, upande wa pili wa bonde. Na hapo ndipo unaona kuwa ardhi haishuki kwa mkupuo mmoja. Inashuka kwa ngazi. Kuna ukingo, kisha uwanja, kisha ukingo mwingine, kila ngazi ikiwa ni ufa mmoja wa ile mipasuko iliyokata volkano.

Chini upande wa mashariki, njiani kuelekea Kiserian, kuna kaburi la Denys Finch Hatton, Mwingereza aliyekufa ndege yake ilipoanguka Voi Mei 1931. Watalii wengi huja Ngong kwa ajili yake. Sikushuka huko. Vilima hivi vimebeba kumbukumbu za watu wengi ambao hawakuwekewa jiwe, na siku hiyo nilipenda kuwafikiria hao zaidi. Mkataba wa 1904 uliwaondoa Wamaasai kwenye malisho mazuri ya katikati ya Bonde la Ufa kuwapisha walowezi, wakasukumwa wengine Laikipia na wengine kusini. Wa 1911 ukawaondoa na Laikipia pia. Waliobanwa kusini, kwenye nchi kame, walijua thamani ya kila mahali penye nyasi wakati wa ukame, na mgongo huu ulikuwa mmojawapo.

Karibu na mwisho tuliwakuta wavulana watatu na ng'ombe. Walikuja mmoja mmoja wakainamisha vichwa, nami nikawagusa utosini kama inavyopasa. Mkubwa wao aliuliza kama tumemwona ndama mwenye baka jeupe. Hatukumwona.

Kona Baridi tulifika alasiri, magoti yakiwa yamechoka kwa miteremko kuliko mapafu kwa milima. Niliagana na afande, nikapanda boda boda hadi Kiserian, nikala ugali na nyama, nikalala mapema.

Jumamosi: kushuka hadi Olorgesailie

Gari za Magadi si nyingi, na haziondoki hadi zijae. Yetu ilijaa unga, sukari, mabomba ya plastiki, kuku na watu, kwa mpangilio huo. Nilikalishwa karibu na mzee mwenye shuka jekundu na fimbo, aliyekuwa akirudi kwake Oltepesi baada ya kuuza mbuzi soko la Kiserian.

Baada ya Kona Baridi barabara inageuka, na nchi inafunguka kwa ghafla kiasi kwamba abiria mgeni hushika kiti. Halafu ni kushuka. Kila ngazi ya bonde ina hali yake ya hewa. Ya kwanza nilifungua zipu, ya pili nikavua sweta, ya tatu nikaifanya mto wa kukalia, na nikamkumbuka mama wa Ngong. Leleshwa ikabaki juu, migunga ikaanza, udongo ukageuka kutoka mweusi hadi mwekundu hadi wa kijivu chenye mawe.

"Wewe ni wa Nairobi," mzee alisema. Hakuwa anauliza.

"Ndiyo, mzee. Jana nilikuwa juu ya mlima."

Akageuka nyuma na kunyoosha fimbo kupitia dirishani. "Basi utazame sasa."

Nikautazama. Sikuutambua. Vile vilele vinne vya upole ninavyovijua havikuwapo. Palikuwa na ukuta mmoja mrefu, wenye makorongo yaliyochanjwa kutoka juu hadi chini, umesimama na kuziba mashariki yote. Wingu lilikuwa limekaa juu yake na halikushuka.

"Nyinyi mnautazama mkitaka kuona kama ni mzuri," mzee aliniambia. "Sisi tunautazama kila asubuhi tukitaka kujua kama wingu limevuka. Likivuka na kushuka hadi pale kwenye miti, tunajua mvua imetupata. Likikaa pale juu kama leo, ni la kwenu."

Nilimuuliza kuhusu ukame. Alisema ujana wake ng'ombe walipandishwa hadi mlimani nyasi zikiisha huku, wakashuka mvua ikirudi, na hakuna aliyeuliza mtu njia. Siku hizi chini ya mlima kumegawanywa ploti. Kuna nyaya, mageti, mbwa. Njia ya ng'ombe imegeuka barabara ya nyumba za watu. "Mlima upo," alisema, "lakini miguu yake imeuzwa." Nimeandika maneno yake nilivyoyasikia, na nakubaliana naye. Anayejenga pale ana haki yake ya kujenga, na mimi pia nina jamaa walionunua ardhi Kiserian. Lakini tumejadili Ngong miaka yote kana kwamba ni mandhari ya kupendezesha jiji, na tukasahau kuwa kuna watu wa upande wa pili ambao kwao ilikuwa ghala la majani ya mwaka mbaya. Kipande cha njia kingebakizwa wazi, hata kimoja, kingewatosha.

Mzee alishuka Oltepesi. Mimi nilishuka Olorgesailie, mbele kidogo, kwenye kibanda chenye kivuli cha mgunga ambapo akina mama walikuwa wamepanga shanga. Tumeshuka hadi karibu mita 1,000. Joto lilinipokea kama mtu aliyefungua mlango wa jiko.

Hapa ni eneo la Makumbusho ya Taifa, lenye vibanda vya kulala na njia ya mbao iliyoinuliwa kupita juu ya ardhi. Chini ya njia hiyo kuna mashoka ya mawe. Si moja wala kumi. Yamelala pale pale yalipoangushwa, mamia kwa mamia, kila moja likiwa limechongwa pande mbili hadi likapata ncha na ukingo wa kukatia, mengine makubwa kuliko kiganja changu. Mwanajiolojia J. W. Gregory alipita hapa mwaka 1919 akayaona. Mary na Louis Leakey wakaanza kuchimba miaka ya 1942 na 1943, wakisaidiwa na Waitaliano waliokuwa wafungwa wa vita. Tangu 1985 watafiti wakiongozwa na Rick Potts wa taasisi ya Smithsonian ya Marekani wamekuwa wakifanya kazi hapa pamoja na Makumbusho ya Taifa ya Kenya.

Mwongozaji, kijana wa hapo hapo, alinionyesha tabaka jeupe kwenye ukingo wa korongo. Niligusa, likaacha unga vidoleni. Ni mabaki ya diatomu, viumbe vidogo sana vya majini. Nchi hii kavu ilikuwa ziwa. Lilijaa, likakauka, likajaa tena, kwa mamia ya maelfu ya miaka, na kwenye fukwe zake waliishi watu wa kale waliochonga mawe kutoka miamba ya Mlima Olorgesailie ulio hapo mbele yako. Zana za zamani zaidi hapa zina umri wa takriban miaka milioni 1.2. Mifupa ya tembo wa aina iliyotoweka ilikutwa pamoja na zana za kumchunia. Mwaka 2003 kilipatikana kipande cha fuvu la mmoja wao, mtu mdogo wa mwili, aliyeishi zaidi ya miaka 900,000 iliyopita.

Kinachonishangaza zaidi ni yale yaliyochapishwa 2018: kwamba kiasi cha miaka 320,000 iliyopita watu wa hapa waliacha mashoka makubwa, wakaanza kutengeneza zana ndogo na nyepesi, wakitumia kioo cha volkano kilicholetwa kutoka zaidi ya kilomita 25, kuvuka nchi yenye miinuko na mipasuko kila upande. Ama walitembea mbali sana, au walibadilishana na majirani. Walikuwa pia na mawe ya rangi, mekundu na meusi. Nilimuuliza mwongozaji kama watu hao walikuwa wakiiona Ngong. Akacheka, akanionyesha kwa kidole upande wa kaskazini-mashariki. Ilikuwapo, juu ya migunga, na wingu lake.

"Ilikuwapo hivyo hivyo," akasema. "Ni mzee kuliko wao."

Usiku fisi walilia karibu na vibanda. Nililala bila blanketi.

Jumapili: Magadi

Kutoka Olorgesailie hadi Magadi ni kushuka zaidi, kwenye nchi ya mawe meusi na vumbi, hadi karibu mita 600. Kumbuka Lamwia ni 2,460. Katika kilomita zisizofika mia moja za barabara, mtu ameshuka kutoka koti hadi kivuli cha mti kinachogombaniwa na mbuzi.

Ziwa lenyewe si maji. Sehemu kubwa ni gamba jeupe la magadi, pengine lenye wekundu, gumu la kutosha kubeba mashine. Kampuni ya kuchimba iliundwa mwaka 1911, reli ikaletwa, na mji mzima ukakua kando yake. Leo magadi husafishwa hapa na kusafirishwa kwenda viwanda vya kioo na vinginevyo. Sisi tunayajua kwa namna ya nyumbani. Bibi yangu hakupika maharagwe wala mahindi makavu bila kijipande cha magadi cha kulainishia, na aliyevuta ugoro alijua nayo yamo. Kumbe kile kijipande cha sokoni, kilichofungwa kwenye karatasi, kilitoka kwenye hili sakafu la bonde.

Nilikwenda na mwenyeji hadi chemchemi za moto za kusini. Maji yanabubujika kwa joto la kuunguza na kutiririka kuelekea ziwani, na humo ndani, pale yanapopoa kidogo, kuna samaki. Ni ngege wadogo wa Magadi, wafupi kuliko kidole cha kati, ambao hawapatikani kwingine ila kwenye maji ya bonde hili. Magadi ya maji yale yangemuua samaki mwingine yeyote upesi. Hawa wameyazoea hata njia ya mwili wao kutoa taka imebadilika: hutoa urea, kama sisi, mahali ambapo samaki wengi hutoa amonia. Heroe walikuwa wamesimama mbele kidogo wakichuja chakula. Nilichuchumaa kwenye ukingo huo kwa saa nzima, jua likinichoma shingo, kwa sababu sikutaka kuondoka.

Ziwa hili halina mto wa kutoka. Maji yanayofika hapa yana njia moja tu ya kuondoka, nayo ni kupaa hewani. Chumvi yote inabaki. Juu ya mgongo wa Ngong nilikuwa nimesema kwa wepesi kwamba tone la magharibi haliioni bahari. Hapa nilikuwa nimesimama juu ya matokeo ya sheria hiyo hiyo, yaliyorundikana kwa maelfu ya miaka na kuwa mwamba mweupe hadi upeo wa macho.

Jumatatu: kurudi

Gari liliondoka Magadi gizani. Tulipopita Olorgesailie kulikuwa kunapambazuka, na Ngong ilikuwa mbele yetu safari nzima, nyeusi kwanza, kisha ya kahawia, kisha yenye makorongo. Sweta nilianza kuihitaji kabla ya Kona Baridi. Masikio yaliziba na kuzibuka. Tukavuka ukingo, na ndani ya dakika chache madirisha yakapata ukungu na dereva akawasha vifuta-kioo.

Kiserian nilishuka kwenda kuuona mto wa jina hilo. Ni mwembamba, mtu anauruka. Umewekewa bwawa juu ya mji, na chini yake nilikuta vijana wakiosha pikipiki, mama akifua, na ng'ombe wawili wakinywa hapo hapo. Mkulima mmoja wa sukuma wiki aliniambia mto hupungua Februari hadi kuwa vidimbwi, ila haujawahi kumkaukia kabisa, "kwa sababu mlima uko hapo." Alisema pia kila mwaka kuna nyumba mpya juu yake na kila nyumba ina kisima, na kwamba angependa mtu aje apime maji kabla hayajaisha, si baadaye. Nilimwahidi kuyaandika hayo, na nimeyaandika.

Kisha matatu ya 126 kuelekea mjini. Kwenye daraja la kutokea Rongai, mahali Kajiado inapoishia na Nairobi kuanza, Mbagathi ilikuwa imejaa kwa mvua ya usiku, maji ya kahawia yakiwahi kuelekea mbugani na Athi. Nina ndugu Malindi anayesema bahari ya huko hugeuka rangi Sabaki ikifurika. Nimeshampigia simu. Agosti nitakwenda nikaone upande huo wa maji pia, kuanzia daraja la Sabaki hadi mlangoni mwa bahari.